Obokano kukutana na fidla: ugumu hauko kwenye nota pekee

WAPENZI wa muziki wamezoea kuambiwa kwamba jazi na muziki wa klasiki wa Ulaya ni kama maji na mafuta. Jazi huzaliwa jukwaani, mpigaji akiibuni papo hapo. Klasiki husomwa kutoka kwenye karatasi, vile vile ulivyoandikwa na mtunzi. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa pande hizo mbili zimekuwa zikialikana, na yaliyotokea katika mialiko hiyo yanazihusu kaunti za Kisii na Nyamira, nyumbani kwa obokano.

Obokano ni kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane. Bakuli lake huchongwa kwa mti na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, kisha hutiwa mikono miwili inayoshika kijiti cha juu ambako nyuzi hufungwa. Ni kikubwa kuliko nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu, na sauti yake nzito imewafanya watafiti kukiita besi ya Afrika Mashariki. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni. Mpigaji huimba mwenyewe huku akipiga, akisifu, akikejeli na kukumbusha ukoo mambo yaliyopita.

Jina la jazi lenyewe lilifika magharibi mwa Kenya kwa njia ya mzunguko. Joseph Kabasele alianzisha African Jazz mjini Leopoldville mwaka wa 1953, na O.K. Jazz ya akina Franco ikafuata mwaka wa 1956. Bendi za Nyanza nazo zikajiita Shirati Jazz na Victoria Jazz, ingawa muziki wao haukuwa jazi ya Wamarekani hata kidogo. Ulikuwa benga, ambamo gita huiga mapigo ya nyatiti. Upande wa Gusii, Christopher Monyoncho aliimba benga hiyo kwa Ekegusii. Kwa hiyo, kuhamisha vidole vya mpiga kinubi hadi kwenye ala ya kigeni si jambo geni katika eneo hili.

Huko ng'ambo, mfano unaotajwa mara nyingi ni Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne (fidla mbili, viola na selo) lililoanzishwa na David Harrington mwaka wa 1973. Mwaka wa 1985 lilitoa sahani ya tungo za Thelonious Monk, gwiji wa piano ya jazi aliyefariki mwaka wa 1982, na mkongwe Ron Carter akashiriki kwa besi. Mwaka wa 1992 likatoa Pieces of Africa, yenye kazi za watunzi wa Afrika akiwemo Justinian Tamusuza wa Uganda na Hamza El Din, Mnubi aliyepiga udi. Bara letu nalo lilikuwa na mkongwe wake wa jazi katika mkondo huu: mwishoni mwa miaka ya 1990, Abdullah Ibrahim wa Cape Town alirekodi African Suite, piano yake ikizungukwa na okestra ya nyuzi.

Jambo moja hupita bila kuonwa katika sifa hizi. Kati ya mkongwe na wasomaji nota huwa kuna mtu wa tatu. Tom Darter ndiye aliyepanga muziki wa Monk kwa ajili ya Kronos. Tohru Ueda alitayarisha nota za kazi ya Hamza, na Daniel Schnyder akafanya hivyo kwa Abdullah Ibrahim. Mpangaji huyo ndiye huamua kipi kibaki na kipi kiachwe, na kwa maoni yangu ndiye anayestahili kuchunguzwa kuliko wote.

Tuseme basi mzee wa obokano ameketi na wapiga fidla. Swali la kwanza ni la sauti. Mzee hukaza au kulegeza nyuzi kufuatana na koo lake siku hiyo, wala hafuati kipimo cha piano. Hapa fidla ni mwenzi mwema ajabu, kwa kuwa shingo yake haina vyuma vya kugawa sauti kama gita; kidole kinaweza kusogea kidogo na kumfuata mzee alipo. Piano haiwezi. Anayemlazimisha mzee alinganishe obokano na piano ameupoteza muziki kabla haujaanza.

La pili ni lugha. Ekegusii hutofautisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na wimbo hutembea na maneno. Mpangaji asiyeijua lugha anaweza kuandika kiitikio kitamu masikioni ambacho kwa Omogusii ni maneno yaliyopinda.

La tatu ni mali, na ndilo zito zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda kazi ya muziki iliyokwisha kuandikwa au kurekodiwa. Mzee ambaye nyimbo zake ziko vidoleni tu anaweza kuondoka na posho ya siku moja huku jina la mpangaji likibaki juu ya karatasi. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya 2016 inataka jamii itoe idhini kwanza, na imezipa kaunti kazi ya kuweka rejista. Obokano ni ya Kisii na Nyamira pia. Kaunti moja ikiiandika peke yake, ugomvi umekaribishwa.

Wapiga fidla wenyewe wapo nchini. Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa mwaka wa 2008 katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, umewafunza vijana wengi ala za klasiki, na tamasha la jazi la Safaricom lililoanza mwaka wa 2014 lilichangia fedha zake. Kutoka Nairobi hadi Kisii ni takriban kilomita 300. Afadhali vijana hao ndio wasafiri, wakae na mzee siku kadhaa bila karatasi, wamrekodi kwa jina lake na kutia saini mkataba, ndipo mpangaji achukue kalamu.