Nuru Isiyoonekana, na Kazi Yake katika Nyaya za Umeme

Jicho la mwanadamu ni kiungo cha ajabu, lakini lina mpaka wake. Nyuki akikaribia maua fulani ya manjano huona juu yake alama zimwelekezazo penye utamu, na mtu asimamaye karibu hazioni hata akikaza macho. Si kwamba macho ya mtu ni mabovu. Ila iko nuru ambayo jicho la nyuki limeumbwa kuipokea, na la mtu halikuumbwa hivyo. Nuru hiyo huitwa urujuanimno. Siku hizi mafundi huitumia kutafuta ubovu katika nyaya kubwa za umeme kabla haujaleta hasara.

Katika upinde wa mvua, rangi iliyo upande mmoja ni nyekundu, na iliyo upande wa pili ni urujuani, inayofanana na zambarau. Zamani watu walidhani kwamba hapo ndipo nuru inapokoma. Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aliigawanya nuru ya jua katika rangi zake, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipo na rangi yo yote, naye akaona joto linapanda. Habari hizo zilifika Ujerumani, katika mji wa Jena, alikokaa mtaalamu kijana wa miaka 24, jina lake Johann Wilhelm Ritter. Yeye aliwaza hivi: ikiwa kiko kitu ng'ambo ya nyekundu, je, ng'ambo ya urujuani hakuna kitu? Mwaka 1801 aliipitisha nuru ya jua katika kioo cha pembe tatu, akaweka karatasi yenye dawa ya madini ya fedha, ambayo huwa nyeusi ikipigwa na nuru. Karatasi ilibadilika upesi zaidi pale mahali penye giza, kupita urujuani, kuliko penye rangi. Hivyo ilijulikana kwamba nuru haikomi pale jicho linapokoma.

Sasa na tuitazame njia ya umeme. Umeme ukisafirishwa mbali hupitishwa kwa nguvu nyingi, kama volti 220,000, pengine 400,000 au zaidi. Nyaya hizo hazikuvikwa mpira. Zimezungukwa na hewa tu. Hutundikwa katika minara ya chuma kwa vikombe vya kauri au vya kioo, au kwa fimbo zilizovikwa mpira, ili umeme usipite katika mnara na kushuka ardhini.

Hewa huzuia umeme, lakini nayo ina mpaka. Nguvu ikifika kadiri ya volti 30,000 kwa kila sentimita moja, hewa hushindwa. Penye ncha kali, kwa mfano uzi wa waya uliokatika, nguvu ya umeme huzidi kuliko mahali palipo laini. Hewa iliyo hapo huanza kupitisha umeme kidogo kidogo, ikitoa mvumo na nuru hafifu sana. Mafundi huiita nuru hiyo korona, maana yake taji.

Taji hilo si pambo. Hugeuza hewa iwe ozoni, na penye unyevu hufanyiza asidi kali. Vitu hivyo huula mpira wa fimbo siku baada ya siku, hata ufa ukatokea. Maji yakiingia ndani na asidi ikaifikia fimbo yenyewe, fimbo yaweza kukatika ghafula, na waya wenye umeme ukaanguka chini. Hapo mji huingia gizani, na mtu au mnyama apitaye chini yu katika hatari ya kufa.

Basi, korona itaonekanaje? Sehemu kubwa ya nuru yake ni urujuanimno, na mchana jua huifunika kabisa, kama lifunikavyo nyota. Lakini Muumba ametandaza juu sana angani tabaka ya ozoni, ambayo huzuia sehemu ya nuru ya jua isifike chini. Wataalamu hupima nuru kwa nanomita, nazo ni ndogo hata nanomita milioni moja hufanya milimita moja tu. Nuru ya jua iliyo chini ya nanomita 280 hivi haifiki ardhini. Korona hutoa nuru kidogo ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo ikatengenezwa kamera ipokeayo nuru iliyo kati ya nanomita 240 na 280 tu. Kwa kamera hiyo mchana ni kama usiku: jua halionekani, na cho chote king'aacho katika waya huonekana peke yake.

Lenzi zake hazitengenezwi kwa kioo cha kawaida, kwa kuwa kioo hicho huzuia nuru hiyo. Hutengenezwa kwa madini kama kwatsi, ambayo huipitisha. Ndani yake kimo chombo kiongezacho nguvu ya nuru hafifu. Tena kamera hupiga picha mbili pamoja, moja ya korona na moja ya kawaida, na kuziweka moja juu ya nyingine. Fundi akiwa amesimama chini, mbali na hatari, wala umeme haukuzimwa, huona madoa yakimetameta mahali penye ubovu hasa. Pengine hugundua kwamba pete ya chuma iwekwayo mwisho wa fimbo ili kutawanya nguvu ya umeme imesahauliwa, au imefungwa kombo. Viwandani pia vyombo vya umeme mkubwa hukaguliwa kwa kamera hiyo kabla ya kuuzwa. Zamani wakaguzi walikaa gizani mpaka macho yazoee, ndipo waitafute ile nuru.

Hata hivyo kamera haitoi hukumu. Umbali na unyevu wa hewa hubadili hesabu ya madoa, na madoa mengi si lazima yawe ubovu mkubwa. Tena kiungo cha waya kilicholegea chaweza kupata moto bila kutoa korona. Hicho hutafutwa kwa kamera ya joto, ambayo hutumia nuru ile aliyoigundua Herschel. Fundi mwenye akili huzitumia zote mbili, kisha hupima kwa maarifa yake lipi litengenezwe leo na lipi lingojee.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibiki usipoonekana kwanza, na nyufa nyingine huonekana tu kwa nuru ambayo jicho halikupewa.