Mullingar, mji usiokosa mazishi

Mullingar, makao makuu ya kaunti ya Westmeath, uko katikati ya Ireland, kilomita 80 hivi kutoka Dublin, na wakazi wake wamezoea kuishi na wasafiri. Mfereji wa Royal, unaopata maji yake Ziwa Owel lililo jirani, ulifika mwaka 1806 na kuuzunguka mji kwa umbo la kiatu cha farasi. Mwaka 1847, wakati wa njaa kuu, wapangaji 1,490 waliofukuzwa kwenye mashamba ya Strokestown waliufuata mfereji huo kwa miguu hadi Dublin, wakienda kuhamishiwa Canada. Reli ilifika mwaka 1848. Ng'ombe walipitishwa kwa wingi, na mitamba ya Mullingar ilisifika kwa unene kiasi kwamba wasichana wenye miguu minene walitaniwa kwa jina hilo. (Utani huo sikushauri uujaribu.)

Treni za Dublin na Sligo bado zinasimama hapo. Njia ya kwenda Athlone iliacha kubeba abiria mwaka 1987. Tangu 2015 watu huendesha baiskeli kando ya vyuma vyake.

Adabu ya safarini ni ya maneno machache. Abiria akishuka kwenye basi humshukuru dereva, hata awe mtoto wa shule aliyekuwa akipiga kelele njia nzima. Kwenye barabara nyembamba za mashambani, madereva wanaopishana huinuliana kidole kimoja tu kutoka kwenye usukani. Hiyo ni salamu kamili.

Lakini mila yenye uzito hasa ni ya msiba. Maziko hufanyika ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo walioko Dublin hupanda treni au hushika barabara ya N4 mara wapatapo habari. Hakuna kamati wala daftari la michango. Kinachotakiwa ni uso wako. Inatosha kuwa ulisoma na mtoto wa marehemu au ulifanya kazi na shemeji yake. Unapanga foleni, unawapa mkono wafiwa mmoja mmoja ukisema yale yale aliyosema aliyekutangulia, yaani pole kwa msiba, kisha unasimama kidogo mbele ya jeneza lililo wazi. Kesho yake ni misa, makaburini, halafu chai na sandwichi, na hapo ndipo vicheko vinaporuhusiwa. Mwezi mmoja baadaye husomwa misa nyingine ya kumkumbuka.

Wapo wanaolalamika kwamba wengi hufanya kazi Dublin, na kwamba mji umebaki mahali pa kulala tu. Sikubaliani nao. Mahali pa kulala tu hapawezi kujaza Kanisa Kuu la Kristo Mfalme Jumanne saa tano asubuhi, siku ya kazi, kwa ajili ya mkulima mmoja mzee.