Hiari Yashinda Utumwa

Wanachama wenzangu, watafiti wakija shuleni na karatasi za maswali (unaogopa nini, unalala vipi, nyumbani kukoje), wengi wetu hujaza tu kwa kuwa mwalimu amesimama pale. Hebu niwaeleze kwa nini tuna haki ya kuuliza kwanza.

Mwaka wa 1961 huko Marekani, Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale aliwaita wanaume kwa tangazo la gazeti, eti waje kusaidia utafiti wa kumbukumbu. Kila mmoja aliagizwa kubonyeza swichi ya kumpiga mwenzake shoti ya umeme kila alipokosea jibu. Kumbe shoti hazikuwako, mwenzake aliigiza tu! Wengi walitetemeka na kutokwa na jasho. Aliyetaka kuacha aliambiwa lazima aendelee. Katika matokeo yaliyochapishwa 1963, kati ya wanaume 40, 26 walifika mwisho, volti 450.

Utafiti huo ulifunza mengi kuhusu utiifu, sibishi. Ila washiriki walidanganywa, tena wakabanwa wasiondoke.

Leo kanuni za utafiti zadai uelezwe kazi na madhara yake kabla ya kukubali, mzazi aridhie ikiwa wewe ni mtoto, siri zako zihifadhiwe, na uweze kuacha wakati wowote bila adhabu. Hilo la mwisho ndilo kubwa kwangu. Ruhusa usiyoweza kuiondoa si ruhusa, ni amri.

Basi karatasi ikija, soma, uliza. Ukiridhika, jaza kwa ukweli. Usiporidhika, irudishe kwa heshima.