Neema si mshahara: Kwa nini wokovu hauna bei

Mkenya akisikia kwamba jirani yake ameokoka, aghalabu hutarajia kuona mambo fulani. Ameacha pombe na sigara, hatukani tena, na Jumapili huwa kanisani kabla ya wimbo wa kwanza. Akionekana baa mwezi unaofuata, watu husema "wokovu umemshinda", kana kwamba ulikuwa mtihani alioanguka.

Sarufi ya neno lenyewe haikubaliani na dhana hiyo. Kitenzi "okoka" kimenyambuliwa kutokana na "okoa" katika kauli ya kutendeka. Abiria aliyeopolewa mtoni baada ya mashua kuzama ameokoka. Hakuna anayeuliza alipata alama ngapi. Aliyestahili sifa ni yule aliyemnyoshea mkono.

Hilo ndilo fundisho la Ukristo kuhusu neema. Katika Waraka kwa Warumi, Mtume Paulo alitoa mfano ambao kibarua yeyote angeuelewa. Mwajiri anayemlipa mfanyakazi ujira wake jioni hajamfanyia hisani, bali amelipa deni. Iwapo mbingu ingefikiwa kwa njia hiyo, basi Mungu angekuwa mdeni wa binadamu. Paulo alikataa katakata. Abrahamu, alisema, aliamini tu, na imani yake ikaandikwa kuwa haki. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili hutumia istilahi "kuhesabiwa haki". Ni lugha ya daftari la mhasibu: anayehesabiwa ameandikiwa mali ambayo hakuichuma.

Suala hili ndilo lililolipasua Kanisa la Magharibi. Mwaka wa 1517, mtawa Johann Tetzel alikuwa akizunguka Ujerumani akiuza vyeti vya rehema, sehemu ya fedha hizo ikikusudiwa ujenzi wa Basilika la Mtakatifu Petro, Roma. Kwa mujibu wa mafundisho rasmi, cheti hakikufuta dhambi. Kilipunguza tu adhabu ya muda ya toharani. Lakini mnunuzi wa kawaida, mwenye mzazi aliyefariki na sarafu chache mfukoni, angeijuaje tofauti hiyo? Martin Luther, mtawa na mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, aliandika hoja 95 kuhusu biashara hiyo.

Hata hivyo, ni makosa kudai, kama wahubiri wengine wanavyofanya hadi leo, kwamba Kanisa Katoliki hufundisha kuwa mbingu hununuliwa. Mtaguso wa Trento ulitamka mwaka wa 1547 kwamba hakuna tendo linalomstahilisha mtu kupata neema ya kuhesabiwa haki, na mwaka wa 1567 Papa Pio wa Tano alipiga marufuku utoaji wa rehema kwa malipo. Mgogoro uliosalia ulihusu nafasi ya matendo baada ya neema kupokewa. Ulichukua zaidi ya karne nne kutulia. Mnamo Oktoba 31, 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini Tamko la Pamoja linalokiri kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema pekee, si kwa stahili yake yoyote. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka wa 2006, na makanisa ya Kireformati, ambayo ndiyo jamaa ya Wapresbiteri, yakafuata mwaka wa 2017.

Pingamizi kubwa ni lile lile aliloulizwa Paulo: ikiwa wokovu ni wa bure, mbona mtu asitende dhambi apendavyo? Yakobo naye alionya kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Jibu limo katika mpangilio wa mambo. Mtoto aliyepokewa katika familia isiyomzaa huteka maji na kulisha mbuzi kwa sababu amekuwa mwana. Hakufanywa mwana kwa sababu aliteka maji.

Afrika Mashariki ililiona jambo hili waziwazi katika uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda karibu na mwaka wa 1930 na kufika Kabete mwaka wa 1937. Walioguswa walirudisha mali waliyoiba na kupatanishwa na maadui. Wakati wa vita vya Mau Mau, baadhi yao walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo, na wengine wakauawa kwa msimamo huo. Si watu waliochukulia neema kuwa ruhusa ya kulegea. Lakini ndani ya uamsho huo huo zilizuka kanuni za mavazi, mapambo na madeni, na baadhi ya ndugu wakaanza kuzitumia kupimana. Zawadi ilikuwa inageuzwa mshahara tena, safari hii bila Tetzel.

Leo sarafu zimerudi. Muumini mgonjwa au asiye na kazi huambiwa "apande mbegu", yaani atume pesa kwa simu, ndipo Mungu afungue mlango. Sadaka yenyewe haina ubaya. Wakristo wametoa tangu mwanzo ili kuwatunza maskini na wahudumu. Tatizo huanza pale kiasi kinapotajwa na baraka kuahidiwa kama risiti. Mjane aliyetoa karo ya mwanawe, kisha asione muujiza, hupoteza pesa na pia huambiwa imani yake ni haba. Hupigwa mara mbili.

Ndugu wa uamsho walikuwa na desturi nyingine, waliyoiita kutembea nuruni. Aliyeanguka alisimama katikati ya ushirika, akakiri kosa lake kwa kulitaja. Hakutozwa chochote. Akimaliza, wenzake waliinua wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, wa kumsifu Yesu kwa damu iliyotakasa, kisha akaketi miongoni mwao, na anayefuata akasimama.