Probox, Demio na Mizani ya Hakimu

Msafiri aendaye Muleba kutoka Bukoba mjini, akipita Kemondo huku ziwa likiwa mkono wake wa kushoto, hukutana na Probox zilizojaa abiria na mikungu ya ndizi, Noah zinazowahi stendi, na IST na Demio za watumishi wanaorejea makwao. Magari ambayo hakuna mtoto aliyepata kuyabandika picha ukutani, wala msimuliaji aliyeyataja katika sifa za mashujaa wa mwendo. Walakini mtu wa Nyanga, wa Kashai au wa Kamachumu atakaye kuanzisha ligi ya mashindano ya magari katika kompyuta, ambamo kila dereva hukaa nyumbani kwake na wote wakakutana kwa intaneti katika njia moja, atafanya busara akianza na magari haya ya kila siku, na kuziacha Ferrari na Lamborghini kwa wale wanaopenda kutazama kuliko kushindana.

Mchezo huu si ule wa gari kugonga ukuta likarudi barabarani bila kovu. Programu zake hupiga hisabu, mara mamia kwa kila sekunde, ya uzito unavyohamia magurudumu ya mbele dereva akanyagapo breki, ya joto la tairi, na ya mafuta yanavyopungua tangini. Gran Turismo ya Wajapani ilitoka mwaka 1997, iRacing ya Wamarekani ikafuata 2008, na Assetto Corsa ya Kunos Simulazioni wa Italia ikakamilika 2014. Uigaji wenyewe umekaribia ukweli kiasi hiki: mwaka 2008 Nissan na waundaji wa Gran Turismo walianza kutafuta madereva miongoni mwa wachezaji, na mshindi wao wa kwanza, Lucas Ordóñez wa Hispania, alimaliza wa pili katika daraja lake, LMP2, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans za mwaka 2011. Hata njia za Kenya zimo: mchezo wa WRC 9 uliziingiza njia za Safari Rally mwaka 2020, ilhali mashindano yenyewe, yaliyofutwa mwaka huo kwa sababu ya korona, hayakurudi katika ubingwa wa dunia mpaka 2021.

Wala wazo la kushindanisha magari ya kawaida kwa insafu si bidaa kwetu. Mwisho wa mwezi Mei 1953, madereva wa Kenya, Uganda na Tanganyika walipofanya mashindano hayo ya Safari kwa mara ya kwanza kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, magari yaliwekwa katika madaraja kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini, ili mwenye kipato cha wastani asishindanishwe na tajiri; na dereva ambaye jina lake hukumbukwa mbele ya mengine katika mwaka ule, Alan Dix, aliendesha Volkswagen ndogo. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine, na miaka miwili iliyofuata Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda mfululizo kwa Peugeot 404, gari ambalo siku zile abiria wa teksi walilijua vema kuliko wapenda mbio. Nadhani utamu wa Safari ulipungua kidogo kidogo kwa kadiri magari yake yalivyozidi kuwa ya viwanda na kupungua kuwa ya watu, ingawa najua wapo watakaonibishia.

Gari dogo lina fadhila nyingine. Mwendo wake si mkali, basi kosa la dereva mgeni humgharimu sekunde mbili badala ya kumtupa nje ya mashindano; na kwa kuwa nguvu yake ni haba, asiyeijua kona hawezi kuuficha ujinga wake kwa kukanyaga mafuta baadaye. Usukani wa kuchezea uliokwisha kutumika watosha, hata pedi ya mkononi. Mwenye Gran Turismo 7 atazikuta humo Honda Fit, Mazda Demio na Toyota Aqua. Mwenye Assetto Corsa anaweza kuongeza magari yaliyoundwa na mafundi wa kujitolea, mradi kila mshindani awe na faili lile lile, kwa maana faili lililotofautiana ni mlango wa hila.

Hapa ndipo kazi yenyewe ianzapo. Mkulima wa kahawa akishuku mizani ya mnunuzi hususia, hata kama amepunjwa gramu chache tu. Na dereva ni hivyo hivyo, hachukii kushindwa, huchukia kushindwa na gari. Kwa hiyo magari yakiwa ya aina mbalimbali sharti yasawazishwe, kama yanavyosawazishwa ya GT3, daraja ambalo Stéphane Ratel alilianzisha Ulaya na likaanza kushindana mwaka 2006, ambamo kila muundo hupangiwa uzito na nguvu zake ili Porsche, BMW na Aston Martin ziende sambamba. Tuchukue mfano wa magari tuyajuayo. IST ya cc 1300 ina nguvu za farasi 87 hivi na uzito wa karibu kilo 1,000. Probox ya cc 1500 ina farasi 109 hivi na kilo 1,050. Kila farasi wa IST anavuta kilo kumi na moja na nusu, na wa Probox hafikishi kumi. Ili kuwalinganisha kwa uzito peke yake ingelazimu Probox ibebeshwe kilo 200, yaani abiria watatu, na gari lililobebeshwa hivyo hula tairi na huchelewa kusimama, likawa si sawa tena bali limeonewa upande wa pili. Afadhali mzigo ugawanywe: sehemu iwe kilo za nyongeza, sehemu iwe kubanwa kwa hewa iingiayo injini, na seva ya Assetto Corsa, yaani kompyuta inayowaunganisha madereva, inaruhusu yote mawili kwa kila gari.

Karatasi, hata hivyo, haijui vilima. Gari lenye uzito mdogo hupata faida penye kona nyingi, na lenye nguvu hupata penye mnyoofu mrefu. Kwa sababu hiyo kila gari lijaribiwe katika njia tatu zisizofanana, na madereva wale wale wawili au watatu, mizunguko kumi kila mmoja, kisha mizunguko ya kasi mno na ya polepole mno iachwe na ile ya katikati ilinganishwe. Tofauti ikiwa chini ya theluthi moja ya sekunde kwa mzunguko, inatosha. Kutaka zaidi ni kujichosha bure. Hadhari moja: wapo wajanja ambao siku ya majaribio huenda polepole makusudi ili gari lao lipunguziwe mzigo, na hadaa hiyo haitibiwi kwa mahubiri. Hutibiwa kwa kuzitazama nyakati za mashindano yenyewe, na kwa kumwongezea mshindi kilo chache katika duru ifuatayo, kama mashindano ya magari ya saluni ya Uingereza yalivyofanya kwa miaka mingi. Kilo kumi au ishirini zatosha; zikizidi, dereva huanza kuona faida ya kushindwa.

Kuna adui wawili ambao vitabu vya Ulaya havina haja ya kuwataja. Wa kwanza ni umbali. Tangu mkongo wa Seacom ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 intaneti yetu imekuwa nyingine, lakini nuru ndani ya nyuzi huenda kilomita 200 tu kwa milisekunde, basi seva iliyo Ulaya, umbali wa kilomita 10,000 za nyuzi, haiwezi kujibu kabla ya milisekunde 100 kupita. Na gari liendalo kilomita 120 kwa saa hukata zaidi ya mita tatu katika muda huo. Dereva aliye nyuma yako hukuona mahali ulipokuwa, au mahali ambapo programu imekisia kuwa upo. Seva na iwekwe Dar es Salaam au Nairobi, au Bukoba penyewe ikiwa washindani wote ni wa karibu. Na kibaya kuliko kuchelewa ni kuchelewa kusiko na kipimo, sasa milisekunde 40, punde 300, jambo ambalo mitandao ya simu hulifanya mara kwa mara jioni. Anayeweza kupata waya asitegemee mnara.

Adui wa pili ni umeme. Kagera kwa miaka mingi imepata umeme wake kutoka Uganda, kwa njia ya Masaka mpaka Kyaka, na kila mkazi anajua unavyoweza kuondoka katikati ya jambo. Dawa ya hili haimo katika jenereta peke yake, imo pia katika kanuni ya alama. Hadi mwaka 1990 Formula 1 ilihesabu matokeo bora tu ya kila dereva, kumi na moja kati ya kumi na sita. Ndiyo maana mwaka 1988 Alain Prost alikusanya alama 105 na Ayrton Senna 94, na bado Senna akawa bingwa, kwa kuwa zilizohesabiwa zilikuwa 87 kwa 90. Wengi waliiona kanuni hiyo kuwa dhuluma kwa Prost. Kwa ligi ya Bukoba na Muleba ni rehema: duru nane, sita bora zihesabiwe, na aliyekatikiwa umeme mara mbili asihukumiwe kwa kosa la nguzo.

Mahakimu wawe watatu, na hakimu aliyehusika na ajali asiketi kuihukumu. Ushahidi ni mkanda wa marudio, ambao programu huweza kuuhifadhi yenyewe, na lalamiko lisipokelewe kabla ya kesho yake, ghaidhi ikishapoa. Msimu wa kwanza uwe na madereva kumi au kumi na wawili wanaojuana kwa sauti, si arobaini wasiojuana. Mashindano yawe kila Jumamosi ya pili saa tatu usiku, ila Simba na Yanga zikikutana siku hiyo yaahirishwe bila mjadala. Jedwali la uzito litangazwe Jumatano, na kuanzia Jumatano hadi bendera ya mwisho asisikilizwe mtu yeyote kuhusu kilo, hata akiwa ndiye mwenye seva.