Kugawa diski ili kompyuta moja iendeshe mifumo miwili

KWA wenye kompyuta za zamani katika miji ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, tarehe 14 Oktoba, 2025 haikupita bure. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, ana masharti ambayo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haziwezi kuyatimiza.

Kununua kompyuta mpya si jambo jepesi. Kufuta Windows moja kwa moja nako kuna hasara, kwani programu za hesabu na baadhi ya mashine za kuchapa hazikubali mfumo mwingine. Njia iliyobaki ni kuigawa diski kuu sehemu mbili: Windows ibaki upande mmoja, na Linux iwekwe upande wa pili.

Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, hupatikana bila malipo. Si ngeni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili.

Diski yaweza kulinganishwa na shamba. Mipaka yake imeandikwa katika jedwali dogo lililo mwanzoni mwa diski, na kompyuta hulisoma kila inapowashwa. Kugawa ni kuisogeza mipaka hiyo. Tatizo ni kwamba shamba tayari lina mazao: mafaili yaliyotawanyika hadi pembezoni lazima yahamishwe kwanza, ndipo mpaka usogee.

Hapo ndipo ilipo hatari. Umeme ukikatika mafaili yakiwa njiani, sehemu nzima yaweza kushindwa kusomeka. Kasulu na Kibondo ziliishi kwa miaka mingi na majenereta ya dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya Taifa, hivyo wakazi wake hawahitaji kuelezwa maana ya umeme kukatika ghafla. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba isiguswe. Kompyuta mpakato ichajiwe hadi ijae, na iachwe kwenye umeme hadi kazi iishe.

Kabla ya yote, nyaraka zinakiliwe kwenye diski ya nje, kisha ifunguliwe nakala moja au mbili kuhakikisha kuwa zinasomeka. Nakala isiyojaribiwa si nakala. Aidha, iwapo Windows imeifunga diski kwa BitLocker, ule ufunguo wa tarakimu 48 uandikwe pembeni, maana kompyuta yaweza kuudai baada ya mabadiliko.

Sehemu ya Windows ipunguzwe kwa kutumia chombo cha Windows yenyewe cha kusimamia diski, si kwa programu ya kuokota mtaani. Nafasi inayopatikana iachwe tupu. Linux ndiyo itakayoitengeneza. Kwa Ubuntu, gigabaiti 25 ndicho kiasi cha kuanzia, ingawa 50 hupunguza majuto. Uzimaji wa haraka wa Windows nao uondolewe, kwa sababu huiacha sehemu yake ikiwa nusu usingizini na Linux hukataa kuiandikia.

Ndipo Linux iwekwe kutoka kwenye flashi. Windows ikitangulia, programu ya kuanzishia ya Linux, iitwayo GRUB, kwa kawaida huitambua na kuonyesha orodha ya mifumo yote miwili kila kompyuta inapowashwa. Mpangilio ukigeuzwa, Windows huweza kujitanguliza na Linux isionekane.

Chaguo moja ndani ya zoezi hili linahitaji macho mawili: lile la kufuta diski yote. Liko jirani na lile la kuweka Linux kando ya Windows, na likithibitishwa, kilichobaki ni nakala ya diski ya nje.

Mara nyingine saa huonekana kuharibika baada ya kurejea Windows, saa nne asubuhi ikasomeka saa moja. Si ugonjwa. Linux huiweka saa ya ndani ya kompyuta kwa majira ya dunia, ambayo yako nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, ilhali Windows huisoma kama saa ya hapa. Amri moja katika Linux huilazimisha itumie saa ya hapa.