Land Rover Kuukuu na Mkulima wa Molo

Mvua inaponyesha Molo siku nyingi mfululizo, njia za kuelekea Kuresoi na Keringet hugeuka tope tupu, na viazi vilivyokwisha chimbwa hukaa shambani vikimngoja mwenye lori. Mwenye lori naye, ajuapo kwamba mkulima hana njia nyingine, ndiye atajaye bei. Ndiyo sababu wakulima wengi hutamani gari lao wenyewe, liwezalo kupita matopeni. Na kwa kuwa gari jipya la namna hiyo ni ghali kupita kiasi, macho yao huelekea Land Rover kuukuu. Tamaa hiyo si ya kipumbavu. Lakini fedha za mavuno ya mwaka mzima zaweza kupotea kwa asubuhi moja, iwapo mnunuzi atatazama rangi asitazame chini.

Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika mji wa Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Aliyeifikiri ni Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza. Yeye alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na humo alikuwa akitumia Jeep ya Marekani iliyobaki baada ya vita. Siku zile chuma kilikuwa adimu na kiligawanywa kwa kipimo, basi bodi ya gari ikafanywa kwa aluminiamu, na chesisi ikabaki ya chuma. Jambo hilo moja ndilo linalowadanganya wanunuzi hata leo. Aluminiamu haili kutu kama chuma. Gari la miaka 50 laweza kung'aa kama sahani, na huku chesisi iliyo chini yake imekwisha kuliwa kama gogo lenye mchwa.

Basi mnunuzi avae nguo za kazi, achukue nyundo ndogo na bisibisi, alale chali chini ya gari. Chesisi ya Land Rover ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani, na tope la Molo likiingia humo halitoki upesi. Hukaa likiwa na unyevu, na kutu huanzia ndani kuja nje. Chuma kizima kikigongwa hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi, na pengine bisibisi hupenya. Agonge zaidi boriti ya nyuma kabisa, mahali springi zinaposhikwa, na mikono ya pembeni inayobeba bodi. Kisha ainue mikeka atazame sakafu penye miguu ya dereva, maana ukuta ulio kati ya injini na dereva nao ni wa chuma. Chesisi iliyopakwa lami nyeusi mbichi juma lile lile la kuuzwa haina haja ya maelezo mengi.

Injini haiogopeshi hivyo. Ni ya kizamani, wepesi kufunguliwa, na fundi hodari wa Nakuru aijua. Hata hivyo afadhali gari litazamwe alfajiri, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha ipasha moto kabla mgeni hajafika ana jambo analolificha. Mafuta ya injini yakiwa na rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, maji yameingia ndani. Kuhusu moshi mweusi, asikate tamaa mara moja. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza yapata robo ya nguvu zake huko. Kabureta iliyotengenezwa kwa ajili ya Mombasa humwaga petroli nyingi mno ikiletwa Molo, plagi zikajaa masizi. Kuirekebisha ni kazi ndogo, tena huokoa petroli, ambayo gari hili hulipenda sana: katika njia mbaya lita moja haifiki mbali.

Liko jambo jingine lisiloonekana kwa nyundo. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita umri wa miaka 8, kwa hiyo Land Rover kuukuu hupatikana humu humu tu: kwa watu binafsi, au katika minada ya magari ya serikali yaliyokwisha kazi yake. Namba iliyopigwa kwenye chesisi sharti ilingane na ile ya kitabu cha gari. Fundi aliyechomelea vibaya aweza kuifuta kabisa, na gari lisilo namba ni mzigo wa vyuma tu. Vile vile watu wengi huweka vitabu vya magari rehani ili wapate mkopo. Kwa hiyo mnunuzi aulize kwanza katika daftari la NTSA ni nani mwenye gari, wala asitoe fedha zote kabla jina halijahamishwa. Rafiki mwema huuza gari lenye deni kama adui tu, akibanwa.

Gari likiisha nunuliwa, fedha ya matengenezo isiwe chini ya theluthi ya bei. Breki kwanza. Katika Land Rover nyingi za zamani mfereji wa breki ni mmoja tu, ukivuja mahali pamoja magurudumu yote manne hukosa breki, na mteremko wa kwenda Nakuru haumngoji mtu. Kisha usukani, kisha chesisi, kisha rejeta. Rangi ije mwisho, au isije. Vipuri vingi hupatikana Nakuru, na visivyopatikana huko hutafutwa Grogan, Nairobi. Ila mtu aende na kile kilichovunjika mkononi, kwa kuwa vya miaka mbalimbali havilingani.

Hesabu ya mzigo nayo ifanywe mapema. Land Rover fupi ilikusudiwa kubeba kilo 450 hivi mbali na dereva, yaani magunia 9 ya viazi ya kilo 50, kipimo kilichowekwa na kanuni za mwaka 2019. Ndefu hubeba kama mara mbili ya hapo. Anayepakia lumbesa huvunja sheria na shafti ya nyuma kwa pamoja. Na mwenye gari akifika barabara ya lami penye Mau Summit, aondoe mvuto wa magurudumu ya mbele: juu ya lami kavu magurudumu hayawezi kuteleza kidogo kama matopeni, gia hukazana zenyewe kwa zenyewe, na kitu fulani ndani hukatika.